Ile bolti ya katikati

Rafiki yangu Mussa,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini transfoma ya amplifaya yako ni duara lenye tundu, na kwa nini inakata fyuzi.

Umbo hilo wanahisabati huliita torasi. Sisi tunalo tangu zamani, ndiyo ngata ya kubebea ndoo. Tuseme kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya unene ni sentimita 10, na nusu kipenyo cha unene ni 3. Ukingo wa nje unazunguka karibu sentimita 82, wa ndani 44 tu. Ndiyo maana bomba la karatasi ukilipinda ncha zikutane, linajikunja upande wa ndani.

Tofauti hiyo humsumbua fundi wa kusuka koili: waya unalaliana tabaka kwa tabaka tunduni, huku nje ukiachana. Mizunguko ihesabiwe tunduni. Kila waya unapopita ni mmoja, hata ukipita umenyooka.

Wanasayansi nao haiwaachi. Kwenye ITER, tanuri la majaribio la kuunganisha viini vya atomi linalojengwa kusini mwa Ufaransa, vipimo hivyo ni mita 6.2 na 2. Koili 18 zimebanana upande wa tunduni, kwa hiyo sumaku huko ina nguvu karibu mara mbili ya upande wa nje, na chembe za moto zingeteleza hadi ukutani. Dawa yake ni kuisokota njia ya sumaku kama nyuzi za kamba.

Turudi kwako. Bolti inayoishikilia transfoma inapita tunduni, kwa hiyo nayo ni mzunguko! Chini imeshika kasha. Juu ikigusa mfuniko wa chuma, njia ya umeme inakamilika kama pete, umeme mkubwa unapita humo, fyuzi inakatika au transfoma inaungua. Acha nafasi juu yake. Weka mpira chini na juu ya transfoma, na nati usiikaze kwa hasira, vanishi ya waya itachubuka.

Kama fyuzi hukatika pale tu unapowasha, huo ni ugonjwa mwingine. Kiini, yaani ile pete ya chuma iliyosukiwa waya, hakina mwanya, ndiyo sababu hakivumi sana, lakini kikiwashwa hushiba sumaku upesi na kuvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua. Tumia fyuzi ya kuchelewa, ampea zilezile, usipandishe.

Ila kabla hujaenda dukani, chomoa waya ukutani, fungua mfuniko, utazame kama una alama ya kuguswa na bolti.

Wako,
Shabani