Barua kwa mwanangu: Jumamosi ukivaa jezi ya winga

Mwanangu,

Mamako ameniambia kocha wa timu yenu ya raga ya wasichana amekutoa namba tisa, ile kazi ya kuugawa mpira, anataka ucheze winga pembeni Jumamosi, juu wale wawili wa pembeni wameumia na senta wenu mmoja hata kupanda matatu hawezi, mguu umefura. Naskia umekasirika. Naskia umesema timu imeisha na hiyo safari ya ugenini ni ya kwenda kupigwa tu. Jioni simu yako haishikiki kwa sababu ya mazoezi ndo maana naandika, na nitaandika kirefu, unanijua nikianza mambo ya raga.

Nataka nikuelezee mechi moja, Wales na Uingereza, Twickenham, uwanja wa Uingereza kule London, tarehe 26 Septemba 2015, Kombe la Dunia. Ulikuwa mdogo, ulikuwa umelala, huku kwetu ilianza saa nne usiku. Kundi lao lilikuwa baya kabisa, Uingereza, Wales, Australia, Fiji na Uruguay, na ni timu mbili tu zinapita, kwa hivyo kila mtu alijua kati ya hao watatu wakubwa mmoja lazima aende nyumbani mapema. Na Uingereza ndo walikuwa wenyeji, kwao, watu zaidi ya elfu 80 uwanjani.

Sasa skia Wales walifika hapo vipi. Jonathan Davies, senta wao mzuri, goti lilikuwa limekwisha tangu Mei, hakuingia hata kwa kikosi. Alafu mwanzo wa Septemba wakacheza mechi ya kujipima nguvu na Italia kwao Cardiff, mechi haina hata kombe, wakapoteza wawili siku moja: Leigh Halfpenny, fulubeki, yule wa nyuma kabisa, na ndo alikuwa mpigaji wao wa penalti, na Rhys Webb, namba tisa wa kwanza. Wote wawili kombe likaisha kabla halijaanza. Mechi ya kwanza ya kombe wakapiga Uruguay 54-9, Cory Allen akafunga trai tatu, yaani aliweka mpira chini nyuma ya mstari wao mara tatu, furaha, na siku hiyo hiyo msuli wa paja ukamkata naye akarudi nyumbani. Fikiria wewe ni Warren Gatland, kocha, unaandika majina ya kwenda Twickenham na kila ukishika kalamu kuna jina limekufa.

Hapo klabuni tulikokuwa tunaangalia, Ngong Road, karibu watu wote walisema Uingereza watashinda kwa pointi kumi na kitu. Na ilienda hivyo kabisa kwa muda mrefu. Jonny May alifunga trai kipindi cha kwanza, Owen Farrell anapiga kila kitu kinaingia, mapumziko 16-9. Kipindi cha pili ikafika 22-12. Skramu, ile ya kusukumana vichwa chini, na nguvu za mbele zilikuwa za Uingereza, mimi nakwambia ukweli, Wales walikuwa wanaishi kwa mguu wa Dan Biggar, namba kumi wao, peke yake, wanapata penalti anapiga, wanapata penalti anapiga, na kila mara anafanya ile mikono yake anagusa nywele, bega, jezi, watu kwa klabu wanamcheka, lakini mpira unaenda katikati ya miti.

Alafu ndo majeruhi yakaanza tena, ndani ya mechi yenyewe. Scott Williams, senta, goti, akabebwa kwa machela. Hallam Amos, winga, bega likatoka. Liam Williams, fulubeki, kiatu kikamgonga kichwa akiwa chini, akatolewa. Watatu, wote wa nyuma, ndani ya kipindi kifupi! Na benchi la Wales siku hiyo lilikuwa na watu watatu tu wa nyuma: Alex Cuthbert ambaye ni winga kweli, Rhys Priestland ambaye ni namba kumi, na Lloyd Williams, ambaye ni namba tisa kama wewe. Wote wakaingia. George North akatolewa pembeni akawekwa senta. Na Lloyd Williams, namba tisa, akaenda kusimama winga.

Hapo ndo nataka usome polepole.

Dakika ya 71 hivi, Uingereza wanaongoza 25-18. Wales wanapeleka mpira upande wa kushoto, unapita kwa Jamie Roberts unamfikia Lloyd Williams huko pembeni, ana nafasi kidogo tu. Winga wa kawaida hapo angeweka kichwa chini akimbie kando ya mstari mpaka amalizwe nje. Huyu hakufanya hivyo kwa sababu hakuwa winga. Namba tisa siku yote anaangalia wapi kuna uwazi nyuma ya mabeki, anapiga mpira kwa mguu mara mia kwa wiki mazoezini, kwa hivyo akaupiga kwa mguu kuurudisha ndani, kuelekea mbele ya miti, mpira ukadunda. Na nani alikuwa anakimbia katikati? Gareth Davies, namba tisa mwenzake. Namba tisa ndo hukimbia ile njia ya ndani kumfuata aliye na mpira, ni kazi yake, amefundishwa tangu shule, hata wewe unaifanya bila kufikiri. Akaudaka akaanguka nao chini ya miti. Biggar akaongeza mbili, 25-25, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti kama mtoto, mwenye klabu ananivuta shati nishuke.

Na kuna kitu kingine kuhusu huyo Lloyd. Babake ni Brynmor Williams, naye alivaa namba tisa ya Wales, 1977 akaenda New Zealand na Lions, ile timu ya pamoja ya Uingereza, Wales, Scotland na Ireland. Mimi kila nikiangalia ile kiki namfikiria huyo mzee mahali alipokuwa ameketi. Mtoto wake hakucheza nafasi ya familia siku hiyo, na ile ya familia ndo iliyomsaidia.

Dakika tano hivi zikabaki, Mwingereza akakamatwa na mpira chini hakuuachia, penalti, karibu na nusu ya uwanja, mbali kabisa. Biggar akafanya mikono yake. Ikaingia. 28-25.

Sasa Uingereza nao wakapata penalti dakika za mwisho kabisa, wangepiga ingekuwa sare 28-28, na kapteni wao Chris Robshaw akasema hapana, tunaenda kona tutafute trai tushinde. Wakarusha lainiauti, ile ya kurudisha mpira ndani kutoka nje, Robshaw mwenyewe akadaka pale mbele, Wales wakaja wote pamoja wakamsukuma nje ya uwanja. Basi. Hiyo ndo watu waligombania mpaka klabu ikafungwa, na bado ukikaa na watu wa raga huku utaskia, mmoja anasema Robshaw alitupa mechi, mwingine anasema Wales walibahatika tu. Mimi maoni yangu ni kwamba kwenda kona halikuwa kosa, kapteni akiamini moli yake, lile kundi linalosukuma na mpira ndani, aende kona. Shida ni kurusha mpira mbele. Ukidaka mbele ya lainiauti uko hatua chache tu kutoka kwa mstari wa nje, ni rahisi kuupata mpira lakini huna nafasi ya kuzungusha moli, na anayekusukuma anahitaji sekunde mbili tu. Ongea na mahuka wenu, wale wanaorusha, kuhusu hiyo. Wiki iliyofuata Uingereza wakapigwa na Australia 33-13 wakatoka, wenyeji wakuu wa kwanza wa Kombe la Dunia kushindwa kutoka kwa makundi, na kocha Stuart Lancaster akaenda na maji kabla mwaka haujaisha.

Lakini hao wanaogombana kuhusu Robshaw wanaangalia mahali pabaya. Angalia nani alifunga. Biggar alipata pointi 23, penalti saba na ile ya kuongeza, hakukosa hata moja, na alikuwa anapiga kwa sababu Halfpenny ameumia. Davies alipata tano, na alianza mechi kwa sababu Webb ameumia. Jumlisha, hizo ni 28, ndo zote. Hakuna hata pointi moja ya Wales usiku ule ambayo haikupitia kwa mtu aliyeshika kazi ya majeruhi. Na aliyempa Davies hiyo trai naye aliingia kwa sababu ya majeruhi. Mimi niliiona hii baadaye sana nikiwa naiangalia tena nyumbani na nikarudia kuhesabu juu sikuamini.

Hata uende nyuma zaidi. Huyo Scott Williams aliyebebwa kwa machela, Februari 2012, uwanja ule ule wa Twickenham, yeye ndo aliingia kipindi cha pili kwa sababu Jamie Roberts ameumia, akampokonya Courtney Lawes mpira mikononi, akaupiga kwa mguu mbele, akaukimbilia akafunga, Wales wakashinda 19-12. Kijana wa benchi. Kwa hivyo usiniambie timu imeisha kwa sababu watu watatu wako kwa plasta.

Na si ati iliwaangukia. Kabla ya kombe Gatland aliwapeleka milimani Uswisi na baadaye kwenye joto la Qatar, wakafanyishwa mazoezi ya kutapika, na kwa maoni yangu ndo maana dakika ya 70 wao bado wanakimbia na Uingereza wameshika magoti. Timu yenye majeruhi haina kitu kingine cha kushinda nacho zaidi ya hiyo. Ugenini hasa, makelele yote ni ya wenyewe, na makelele yanapungua ikifika dakika ya 60 na nyinyi bado mko karibu.

Sasa kuna jambo ambalo dadako aliniambia, na usimkasirikie, alifanya vizuri. Anasema yule prop, wa mstari wa mbele wa skramu, mnayekaa naye hosteli aligongwa kichwa mechi iliyopita na tangu siku hiyo taa zinamsumbua na anasahau mambo, na nyinyi wote mmenyamaza ili timu isipungue zaidi. Mwanangu. Hapana. George North, huyo huyo niliyekwambia, Februari 2015 alicheza na Uingereza Cardiff akagongwa kichwa mara mbili, mara ya pili alipoteza fahamu na akaachwa aendelee kucheza. World Rugby, wakubwa wa raga duniani, wenyewe walisema hakustahili kubaki uwanjani. Mwezi uliofuata akiwa na klabu yake Northampton akapigwa tena, akalala pale pale chini, akakaa nje mpaka Agosti. Mtu mkubwa vile, ana madaktari watano, ana kamera kila kona, na bado ilipita. Nyinyi mna nini? Mna sanduku la huduma ya kwanza na dereva wa basi.

Ile ya kwenda ndani dakika chache unapimwa kichwa alafu unarudi ni ya mechi kubwa zenye madaktari waliofunzwa. Kwenu nyinyi sheria ni moja tu, akishukiwa anatoka na harudi siku hiyo, na hachezi tena mpaka daktari aseme. Nenda kwa fizio wa timu kesho asubuhi, nenda na huyo mwenzako mkono kwa mkono kama anaogopa, na kama kocha ataleta maneno mwambie anipigie mimi. Wakimkosa prop, wataweka mwingine, hata kama ni msichana aliyefunzwa u-prop lakini hapangwi sana, na kama hakuna aliyefunzwa kabisa basi rifarii ataamuru skramu zisizosukumana, si aibu, mtacheza hivyo. Nafasi inajazwa, nimetumia kurasa zote hizi kukuonyesha inajazwa. Kichwa cha huyo mwenzako aliyegongwa hakijazwi.

Kuhusu wewe na winga. Najua unapenda kugusa mpira kila dakika na huko pembeni utaona baridi. Usingoje. Mpira wao wakiwa wanapiga kwa mguu, rudi nyuma mapema umsaidie fulubeki, usisimame kwa mstari na mabeki ukiangalia, mawinga wageni ndo hapo hupitwa. Wakija upande wako wawili kwa mmoja usikimbilie yule wa ndani, mwachie senta, wewe shika wa nje na umsukume kuelekea mstarini. Na mkiwa na mpira, usiache tabia zako za namba tisa, ongea, piga kelele, mwambie yule dada anayevaa jezi yako wapi kuna nafasi kwa sababu wewe unaiona vizuri kutoka huko. Ukipata mpira na njia imefungwa, piga mguu ndani. Mwambie huyo namba tisa leo, si Jumamosi, leo, kwamba ukifanya hivyo yeye awe katikati anakuja. Fanyeni mara ishirini baada ya mazoezi, nyinyi wawili tu.

Nimekutumia elfu moja kwa M-Pesa ya chakula njiani, kuleni kitu cha maana si chipsi. Mimi na mamako tunakuja, tutatoka asubuhi na mapema. Nitumie jina la uwanja na saa ya kuanza, na uniambie kesho fizio amesema nini kuhusu mwenzako.

Babako