Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: MAKABURI YA KANISA LA ST. PAUL'S, MOUNT VERNON, NEW YORK

Tarehe 18 Oktoba 2026 ni miaka 250 tangu mapigano ya Pell's Point, katika vita vya Marekani vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza. Siku ile Kanali John Glover na askari wapatao 750 wa Marekani walijibanza nyuma ya kuta za mawe za mashambani, wakawachelewesha maelfu ya Waingereza na Wahessia (askari wa Kijerumani waliopigana upande wa Uingereza), na jeshi la Jenerali George Washington likapata nafasi ya kuelekea White Plains. Kanisa la St. Paul's, ambalo ujenzi wake ulianza 1763 na ulikuwa haujakamilika, likageuzwa hospitali. Wahessia waliofia humo walifukiwa pamoja katika shimo la mchanga nyuma ya kanisa, vijana waliokodishwa na watawala wao kupigana vita visivyo vyao.

Maadhimisho yakikaribia, kila mtu hutaka makaburi yang'ae. Tunakuomba uzuie mashine za maji ya presha, brashi za waya na dawa za klorini zisiingie uani humo. Mawe mekundu ya mchanga ya karne ya 18 yana matabaka. Maji yakipenya katikati yake kisha yakaganda wakati wa baridi, hutanuka na kuubandua uso wote, maandishi yakaenda nao. Klorini huacha chumvi ndani, nayo huendelea kulila jiwe hata baada ya kusuuzwa.

Fundi aanze kwa kugongagonga jiwe taratibu kwa kidole. Likitoa sauti kama ya kitu kilicho na uwazi ndani, lisiguswe. Lililo zima lilowanishwe kwa maji matupu, lisuguliwe kwa brashi laini ya nailoni kutoka chini kwenda juu ili uchafu usiache michirizi, na lisikauke kabla ya kusuuzwa. Kuvu sugu ipakwe dawa isiyo na asidi wala klorini, kisha iachwe ife yenyewe kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kazi ianze mapema, wala isisubiri wiki ya sherehe.

Nyufa zisizibwe kwa saruji. Ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hufungia unyevu ndani, na jiwe hupasuka pembeni mwa kiraka. Itumike chokaa, sehemu 1 kwa 3 za mchanga. Jiwe lililoinama lisimikwe upya juu ya kokoto zilizoshindiliwa, bila zege. Mashine za kamba za kufyekea nyasi zikae mbali kwa sentimita 30. Karibu na jiwe zitumike mikasi ya mkono.

Kuhusu lile shimo la mchanga: nguzo za bendera na mahema zisichimbiwe hapo kabisa, wala magari yasiegeshwe juu yake. Hema lisimamishwe kwingine, lishikiliwe kwa mapipa ya maji badala ya vigingi.

Tunaomba masharti haya yaandikwe ndani ya zabuni yoyote ya usafi kabla haijatangazwa.

Wako katika kazi,
Mafundi wa kuhifadhi mawe ya makaburi