Panga moja, watu wawili

Mumbai, 18 Januari 2026

Mwanaidi mpenzi,

Hujambo, na mama hajambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nimerudi safarini na moyo mzito. Wewe ndiye wa kwanza niliyetaka kumwandikia, kwa sababu nilikokwenda ni kwa wakata miwa, kama wale wa kwenu Kidatu.

Nilikwambia kuna binti tunasoma naye takwimu za idadi ya watu, kwao ni wilaya ya Beed. Likizo hii alinichukua kwao siku nne. Tulipanda basi jekundu la serikali jioni, asubuhi tukawa tumefika. Ni ndani huko katika jimbo hili la Maharashtra, hapa India, upande unaoitwa Marathwada: mvua za kubahatisha, mashamba ya pamba na soya, na vilima vya Balaghat vyenye mitopetope kila upande. Ndiyo, topetope, mwenzangu! Wao huita sitaphal. Msimu ulikuwa umekwisha, nikaambulia kuitazama miti tu.

Beed nilikuwa nimeikariri kwa namba. Sensa ya 2011 iliwakuta watu 2,585,049, na karibu wanane katika kila kumi wako vijijini. Basi nikatarajia kijiji chenye watu. Nilichokuta ni kufuli. Nyumba hii kufuli, inayofuata kufuli, na hata pale palipokuwa wazi alitoka mzee au mtoto. Bibi yake rafiki yangu alikuwa amefunga funguo kwenye pindo la sari, kama mama anavyofunga hela kwenye pindo la kanga. Nilizihesabu, zilikuwa saba, zote za majirani. Akatukaribisha mkate wa uwele na pilipili mbichi iliyotwangwa na kitunguu saumu, na tulipokuwa tunakula alikuwa akizigusagusa zile funguo bila mwenyewe kujua.

Wenye nyumba huondoka baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Huenda wilaya za Kolhapur, Sangli na Satara, wengine huvuka hadi jimbo jirani la Karnataka, na hawarudi mpaka Machi au Aprili viwanda vya sukari vikizima mitambo. Ni malaki ya watu kila mwaka. Ukiangalia mashamba yao utaelewa: ekari chache, hazina maji ya kumwagilia, na mvua ikikosa, mwaka mzima umekwenda. Nikawakumbuka manamba wa mkonge tuliosimuliwa, ila hawa huondoka mke na mume.

Hapo ndipo pananiuma. Panga la kukatia miwa wanaliita koyta. Lakini koyta ni jina la wafanyakazi pia: mume na mke pamoja ni koyta moja. Anayewaajiri ni mukadam, nyapara na dalali kwa wakati mmoja. Huwapa fedha za awali kabla msimu haujaanza, nao hukata miwa kulipa lile deni kwa tani. Fedha hupewa koyta, na mara nyingi anayezipokea mkononi ni mwanamume. Mtu mmoja akiwa peke yake ni nusu koyta. Kwa hiyo kijana akitaka kwenda shambani ni afadhali awe na mke kwanza, na mzazi mwenye binti wa miaka kumi na minne hathubutu kumwacha kijijini miezi sita. Unaona mabinti wanavyoolewa wangali watoto?

Wakati wa kurudi tulishuka njiani, wilaya ya Pune, kumsalimu shangazi yake kambini. Kambi yenyewe ni vibanda vya turubai pembeni mwa shamba, choo hakuna. Huko kwenu Kidatu miwa huchomwa kwanza, ndiyo maana wale vijana waliokuja kula kwa mama yako walikuwa weusi kwa masizi. Hapa hukatwa mibichi, na majani yake yanakata ngozi kama wembe. Mume anakata, mke anasafisha, anafunga mzigo, anajitwika. Nilimtazama shangazi akipanda ubao ulioegemezwa kwenye lori, mwembamba kama kiganja changu, mzigo kichwani, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ubao. Alipanda hivyo mara ishirini na kitu nikiwa pale, kisha akaja kutupikia chai.

Ana miaka thelathini na minne, na kizazi kilishatolewa. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Alikuwa na maumivu, akaenda hospitali fulani ya watu binafsi, wakamwambia dawa ni kukitoa, akakopa kwa mukadam. Nilidhani ni mkosi wake peke yake. Kumbe 2019 serikali ya jimbo ilichunguza wanawake 82,309 wakata miwa wa Beed, ikakuta 13,861 wametolewa kizazi. Siku usiyofanya kazi unakatwa fedha, hata hadi rupia 500, na hedhi haina likizo, ndiyo maana wengine hukubali kitolewe. Mwanaidi, namba hizi nilikuwa nimezisoma darasani nikafaulu mtihani.

Jingine ni la watoto wenyewe. Sensa ile ile ilikuta Beed wasichana 807 kwa kila wavulana 1,000 wenye umri chini ya miaka saba, uwiano wa chini kuliko wilaya zote za Maharashtra. Miaka kumi nyuma walikuwa 894. Mahari huku hutolewa na upande wa binti, kwa hiyo mimba ya msichana wengine huihesabu kuwa ni deni. Hili sitaki kuliandika zaidi leo.

Lakini nisikie hili. Sensa ya 2011 ilihesabu watu tarehe 9 hadi 28 Februari, katikati ya msimu wa miwa. Kanuni yao ni kwamba mtu asiyekuwepo kwake kipindi chote huhesabiwa pale alipo. Maana yake wenye zile kufuli walipaswa kuhesabiwa kwenye vibanda vya turubai, katika wilaya ambayo si yao, kama karani alifika. Sensa iliyofuata ilipaswa kuwa 2021, ikaahirishwa kwa sababu ya korona. Sasa wametangaza 2027, na watu watahesabiwa tena Februari. Nimeamua utafiti wangu uwe huo: niende kwenye kambi mwezi huo huo nione nani anaandikwa wapi.

Kwa hiyo nina ombi. Kwetu Tanzania sensa ya 2022 ilikuwa Agosti 23, na nakumbuka miwa ya Kilombero ilikuwa inakatwa. Kwetu uliulizwa ulilala wapi usiku wa kuamkia siku ya sensa. Muulize mama, kwa kuwa yeye alikuwa akipeleka uji kambini alfajiri: wale vijana waliotoka mikoani, karani aliwakuta? Aliingia vibandani, au alimuuliza nyapara tu? Na wake zao waliobaki nyumbani, waliwataja?

Niandikie hata kama jibu ni fupi. Msalimie sana mama.

Wako,
Rehema