Chumvi Mnaipeleka Wapi? Barua kwa Wanangu Mnaosomea Maji Huku Marekani

Wanangu,

Mwezi uliopita nilikaa safu ya nyuma kwenye ukumbi mmoja hapa Pittsburgh, nikimsikiliza kijana wetu akieleza utafiti wake wa kusafisha majitaka ya visima vya gesi. Nilijaa fahari, mtoto wa nyumbani huyo. Akaonyesha kwamba utando wake wa kuchujia unaondoa asilimia 98 ya chumvi. Watu wakapiga makofi. Kisha mama mmoja akauliza: maji makali yanayobaki upande wa pili wa utando mnayapeleka wapi? Kijana akajibu, "Hilo halimo kwenye utafiti wangu."

Nilitoka nje nikasimama barazani hadi moyo ukatulia. Baadaye nikamwita nikamuuliza majitaka yake aliyatoa kisima gani. Hakuyatoa kisimani. Alikoroga chumvi ya mezani, gramu 35 kwa lita, ndani ya maji safi ya maabara.

Mwanangu, hiyo ni bahari ya Malindi! Maji yanayotoka kwenye mwamba wa Marcellus, ule wenye gesi ulio chini kabisa ya jimbo letu hili la Pennsylvania, huweza kupita gramu 200 za chumvi kwa lita, yakiwa na metali kama bariamu, strontiamu na chuma, mafuta, na radiamu, metali yenye mnururisho. Kwa ukali huo utando wa kawaida unashindwa kabisa, maana shinikizo linalotakiwa limepita uwezo wake.

Mimi nimekulia karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni, na chumvi naijua kwa mikono. Maji ya bahari huingizwa, jua huyapika, chumvi huganda chini na kukokotwa. Kinachobaki ni maji mazito, machungu, yanayoteleza vidoleni kama mafuta. Chumvi ya kawaida imekwisha kuganda. Chumvi za magnesi na bromidi zimekataa, zimebaki humo. Nilipofika chuo nikasoma kwamba maji ya chini ya Pennsylvania yana asili hiyohiyo, ni bahari ya kale iliyokaushwa na jua hadi ikapita kiwango cha kugandisha chumvi. Mwamba wenyewe una umri wa miaka kama milioni 390. Nilisoma nikaona vidole vya marehemu baba vilivyopasuka.

Sasa sikilizeni yaliyotokea hapa, maana wengi wenu mlikuwa wadogo. Kisima kimoja cha gesi humezeshwa maji lita milioni 15 na zaidi ili kupasua mwamba utoe gesi, na sehemu ya maji hayo hurudi juu yamebeba uchafu wa chini. Yakapelekwa kwa malori kwenye mitambo ya manispaa, mitambo iliyojengwa kwa ajili ya maji ya vyooni. Bakteria wa mitambo hiyo hula kinyesi, hawali chumvi. Chumvi iliingia mlango wa mbele ikatokea mlango wa nyuma, mtoni. Vuli ya 2008 mto Monongahela ulikuwa umepungua kwa ukame, migodi ya makaa nayo ikichangia, na chumvi zilizoyeyuka zikapita miligramu 500 kwa lita. Mke wangu aliosha glasi zenye madoa mara tatu akidhani sabuni ndiyo mbovu.

Pigeni hesabu wenyewe. Lori la lita 16,000, gramu 200 kila lita: hizo ni zaidi ya tani tatu za chumvi kwa safari moja. Na bado sijagusa bromidi. Mitambo ya kawaida ya maji ya kunywa haiiondoi. Ikikutana na klorini na mabaki ya majani huzaa kemikali ziitwazo trihalomethani, zile zenye bromini, na baadhi yake zinahusishwa na saratani. Sheria ya Marekani inaruhusu mikrogramu 80 tu kwa lita kwa jumla ya trihalomethani zote. Mtu anatia klorini ili aokoe watoto na kuhara, kumbe jirani wa juu ya mto amemharibia dawa.

Wakubwa wa mitambo ya manispaa waliyapokea malori kwa sababu yalilipa ada. Mpaka Aprili 2011 ndipo jimbo likawaomba wachimbaji waache. Marufuku ya taifa zima kuhusu mitambo ya manispaa ikaja 2016, wakati mto ulikuwa umekwisha kunywa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walipima tope la kijito cha Blacklick, chini ya mtambo uliokuwa ukitibu maji haya, wakakuta radiamu mara 200 kuliko tope la juu ya mtambo. Mtambo ule ulifanya kazi: uliondoa radiamu nyingi. Iliyosalia ndiyo ikakusanyika chini, mwaka baada ya mwaka.

Na sisi wa nyumbani tusijione wasafi. Kule Meru na Arusha fluoridi huchujwa kwa mkaa wa mifupa, kazi ya heshima kubwa. Ukishashiba, huo mkaa unamwagwa shimo gani?

Mengine nayataja tu. Osheni chupa za sampuli wenyewe. Andikeni tarehe na saa. Zungumzeni na madereva wa malori, wanajua mengi. Pigieni wazazi simu.

Jumamosi iliyofuata nilimchukua yule kijana. Alikuja na raba nyeupe. Tukaenda kwenye kijito kinachotoka mgodi wa zamani wa makaa, mawe yake yote rangi ya machungwa kwa kutu, tukajaza mtungi. Katika maabara ya rafiki yangu tukavaa glavu na miwani, tukachuja kutu, tukamimina maji yale ya mgodi kwenye majitaka halisi ya kisima. Papo hapo chombo kikageuka maziwa: salfeti, chumvi ya salfa iliyomo kwenye maji ya mgodi, imekamata bariamu. Baada ya saa moja ungaunga mweupe ulikuwa umetuama chini, unene wa kidole, na juu yake maji maangavu.

"Mzee, yamesafika!"

Sikumjibu. Akapima chumvi ya yale maji maangavu, akaikuta ingali kali mno. Akainama, akautazama ule weupe kwa muda mrefu, akijua kwamba radiamu huifuata bariamu popote iendako.

"Na hili tope," akauliza, "linatupwa wapi?"

Sasa anaandika upya sura ya tatu ya utafiti wake. Tunarudi kijitoni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Gari langu lina nafasi tatu zaidi, na mabuti ninayo.