Wifi, Usiezeke Nyumba kwa Mshahara wa Magazetini

Wifi yangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Swali lako nimelisoma. Chama cha walimu kimetangaza kwamba mkataba mpya wa walimu umetiwa saini, na afisa wa mikopo wa sacco, chama chenu cha akiba na mikopo, anawaambia mnaweza kuchukua laki tatu sasa mkamalize paa, eti nyongeza itajilipia marejesho yenyewe. Nakujibu hadharani kwa sababu swali hili huulizwa katika kila nyumba ya mwalimu Kenya mkataba unapotangazwa, na majibu ya kwenye makundi ya WhatsApp mengi ni vigelegele tu.

Jibu langu ni msubiri. Nyongeza ya kweli ni ile iliyoonekana kwenye hati ya mshahara miezi miwili mfululizo. Nasema miwili kwa sababu mwezi wa kwanza mara nyingi huja umechanganyika na malimbikizo, ukadhani mwalimu ametajirika, kumbe mwezi unaofuata tarakimu zinarudi chini.

Mkataba wenyewe, ule tunaouita CBA, hupita mikono mingi kabla ya kufika jikoni kwako. Chama hupeleka mapendekezo kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. TSC haiwezi kutaja shilingi kabla ya kupata ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ambayo Katiba imeipa kazi hiyo katika kifungu cha 230. Wakikubaliana hutia saini, kisha mkataba husajiliwa katika Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi ili uwe na nguvu ya sheria. Hapo ndipo picha za watu wakipeana mikono hupigwa. Lakini pesa ziko Hazina ya Taifa, na hutolewa na Bunge mwaka kwa mwaka, bajeti ikisomwa Juni na mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai. Mkataba uliotiwa saini Julai 18, 2025 ni wa miaka minne na umekadiriwa kugharimu shilingi bilioni 33.8. Basi hesabu: ni bajeti nne, na kila moja ina uwezo wa kuuvunja au kuuchelewesha. Ukitaka kujua kama mgomo unanukia, acha kusikiliza hotuba za viongozi wa chama, tazama kilichotengewa TSC mwezi wa Juni.

Mwaka 2024 unatosha kuwa mfano. Agosti 2023 walimu walikubaliana nyongeza ya asilimia 7 hadi 10 kwa awamu mbili, ya pili ikiwa ya Julai 2024. Juni 26, 2024, baada ya maandamano, Rais aliukataa Mswada wa Fedha. Bajeti ikakatwa, na pesa za awamu ya pili zikawa miongoni mwa zilizoguswa. Mwalimu aliyekuwa ameshakopa kwa kutegemea Julai alipata hati ya Julai yenye mshahara uleule wa zamani. Muhula wa tatu ukafunguliwa Agosti 26 pakiwa na mgomo. Serikali ilirudisha pesa hizo, tena kwa haraka kuliko kawaida yake, lakini sacco haikungoja.

Nenda nyuma uone 2015. Juni 30, mahakama iliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Ushindi mkubwa, watu wakacheza. Agosti, Mahakama ya Juu ikakataa kusimamisha malipo. Serikali ikasema haina pesa. Mgomo wa karibu wiki tano ukafuata, mishahara ya Septemba ya waliogoma ikazuiwa, na Novemba 6 Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi wote. Kulikuwa na karatasi ya jaji, wifi, si ya chama tu, na bado haikuwa pesa. Nako 2013 walimu waligomea marupurupu yaliyoahidiwa kwenye notisi ya kisheria ya mwaka 1997. Mtoto aliyezaliwa ahadi ikitolewa alikuwa ameshaingia sekondari.

Sasa hati yenyewe. Tuseme mshahara wa msingi wa mwalimu umeongezwa shilingi 3,000, na tayari kipato chake kinachotozwa kodi kimepita 32,333 kwa mwezi, yaani yuko kwenye ngazi ya asilimia 30. Toa bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75: shilingi 82.50. Toa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: shilingi 45. Pensheni, asilimia 7.5: shilingi 225. Makato hayo matatu huondolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye 2,647.50, nayo ni 794.25. Ada ya chama cha walimu, KNUT, ni asilimia 2 ya mshahara wa msingi, shilingi 60. Kinachofika benki ni 1,793 na senti kidogo.

Weka hiyo kando ya mkopo wenu. Laki tatu kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 36: mwezi wa kwanza mnalipa 8,333 za mkopo na 3,000 za riba. Nyongeza yote, ikija leo, haitoshi hata kulipa riba ya mwezi wa kwanza. Afisa wa sacco hajakudanganya akisema mkopo utapita. Utapita, kwa sababu yeye anaangalia sheria ya theluthi tu, kwamba theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato. Mwenye mshahara wa msingi wa 45,000 abakiwe na 15,000. Kama 15,000 zinalisha nyumba yenu na kulipa karo, hilo si la afisa.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hugundua zikiwa zimeshachelewa. Marejesho ya sacco hukatwa TSC kabla mshahara haujaingia benki. Mshahara ukizuiwa, hakuna wa kukata. Mkopo hauna habari na mgomo: riba inaendelea, awamu inahesabiwa kuwa haijalipwa, na barua inaanza kwenda kwa wadhamini. Wadhamini wa mwalimu ni walimu wenzake, nao wamegoma vilevile. Basi ilani ya mgomo ikitolewa, mwalimu aende sacco na barua ya kuomba marejesho yaahirishwe mwezi mmoja au alipe riba peke yake, na nakala igongwe mhuri. Akienda kabla, wanaye mwanachama mwenye mpango. Akienda baada ya mwezi kupita, wanaye mdaiwa.

Ilani yenyewe isome tarehe. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inataka ilani ya maandishi ya siku saba, mwajiri apewe na waziri apewe. Ndani ya siku hizo TSC hukimbilia mahakamani, karibu kila mara, kuomba mgomo usimamishwe. Hata mgomo ukiwa halali, mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo kazi haikufanywa. Ukiwa umesimamishwa na mahakama na mwalimu akabaki nyumbani, hapo si suala la mshahara tu, amevunja mkataba wake wa kazi na anaweza kuandikiwa barua ya kujieleza. Kwa hiyo asitegemee mazungumzo ya mtu aliyesimama kwenye kituo cha matatu. Apige simu ofisi ya tawi la chama aulize maneno mawili: agizo la mahakama lipo au halipo, na daftari la mahudhurio shuleni liko wazi au limefungwa. Akienda kazini siku hizo atie saini kwenye daftari hilo na apige picha ukurasa, kwa sababu orodha ya watakaolipwa hutokana na hapo.

Tuje kwa watoto, na hapa nyumba yako ina tatizo ambalo majirani hawana. Kijana yuko bweni Kidato cha Nne, dada yake yuko Gredi ya 8. KNUT ni ya walimu wa msingi hasa, KUPPET ya walimu wa sekondari, na walimu wa Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, wanavutwa na pande zote mbili ilhali wanafundisha ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Agosti 2024 KNUT iliahirisha mgomo siku moja kabla, KUPPET ikaendelea. Kengele ya shule ya msingi ikalia na wadogo wakafundishwa, huku darasa la Gredi ya 8 ng'ambo ya uwanja likikosa mwalimu. Ukisikia "mgomo umeisha," uliza wa nani.

Msichana ndiye ningemhofia zaidi, ingawa watu wote watakuambia umhofie kijana. Alama zake za mwisho wa Gredi ya 9 zimegawanywa: asilimia 20 ni za mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, asilimia 60 ndizo za mtihani wenyewe. Wiki tatu bila mwalimu zikiangukia wakati wa tathmini, kazi hufanywa kwa pupa siku mbili ili alama zitumwe kwa baraza la mitihani. Mwambie atunze kila kazi ya mikono aliyoianza na awe na daftari la majaribio lenye tarehe. Mwalimu akirudi akiwa na haraka, mwenye kazi iliyokamilika hapimwi kwa kukisia.

Kijana ni mtahiniwa. Hata 2015 shule zilipoagizwa kufungwa, watahiniwa waliachwa. Shida yake ni miradi ya masomo kama kilimo na kompyuta, ambayo huanza mapema kuliko karatasi za Novemba na hudai sahihi ya mwalimu wa somo kila hatua. Muulize amefika hatua gani kabla hajapanda gari kurudi shuleni.

Karo nayo. Hulipwa kwa mgawo wa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, na mizozo hii hupenda muhula wa tatu. Kama shule yake inatoza 53,554 kwa mwaka, muhula huo ni karibu 10,711; kama ni ya 40,535, ni 8,107. Hizo zilipeni, kwa kuwa chakula cha watahiniwa kinatoka hapo. Kinachoumiza kweli ni nauli ya mara mbili, anarudishwa nyumbani kisha anaitwa tena. Tenga nauli ya kwenda na kurudi pembeni, isiguswe hata na deni la dukani. Na umpigie mwalimu mkuu au katibu wa shule jioni ya kuamkia siku ya kufungua, usimtoe mtoto alfajiri kwa kuamini redio.

Kuhusu yule binamu wenu anayefundisha kama mwanagenzi kwa 20,000, huu mkataba haumhusu kabisa. Aprili 2024 mahakama ilisema kuwaajiri walimu waliosajiliwa kwa njia hiyo ni kinyume cha haki zao za kazi, na bado mwaka uliofuata wakaajiriwa wengine kwa njia hiyohiyo. Msimfanye mdhamini wa mkopo wenu.

Paa basi. Mbao nunueni sasa, kidogo kidogo, kwa pesa mliyo nayo mkononi. Zipangeni juu ya mawe zisiguse udongo, wekeni vijiti kati ya safu na safu hewa ipite, na uzito juu zisipinde. Zikikaa miezi miwili zikakauka, hazitasinyaa sana juu ya paa na kulegeza misumari. Mabati yangoje. Nyongeza ikiwa ni ya Julai, hati ya Agosti ndiyo itakayokuonyesha kama imekaa, na ya Septemba itathibitisha bila malimbikizo. Mwambie mwalimu wa nyumbani kwako anitumie picha za hizo mbili, afunike nambari yake ya TSC, kisha tupige hesabu ya laki tatu upya. Nadhani laki moja na nusu itatosha.