Mama mkwe anahesabu vidonge vyangu

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi usiku, hata muadhini bado. Nimekaa mezani tangu saa saba, nazitazama dawa tu. Usiniambie nikalale, nimejaribu.

Kuna FEFO za kliniki kwenye bahasha ya karatasi, hizi za kuongeza damu tunazopewa bure. Kuna kopo alilonunua mume wangu duka la dawa mjini, vitamini za wajawazito, shilingi 45,000 na ni za mwezi mmoja tu. Halafu kuna chupa ya mafuta ya ini la samaki ambayo wifi ametuma kutoka Uingereza. Mama mkwe anataka nimeze zote, na juu yake nile maini kila siku. "Safari hii hakiachwi kitu," anasema.

Hilo neno "safari hii" ndilo linaloniua. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi. Tulimpeleka Dar akafanyiwa upasuaji, akaishi siku 19. Siku ya kuanua matanga, wanawake wamejaa mpaka uani, mama mkwe akasema, "Vidonge alipewa bure, kumeza kukamshinda." Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia. Hakufungua mdomo.

Sikatai, vilinishinda. Lakini nilikuwa natapika mpaka nyongo, choo cheusi kama masizi, tumbo linafunga siku nne. Nilimeza wiki mbili hivi, vilivyobaki nikavifukia nyuma ya choo. Nilikuwa na miaka 21. Wangapi mtaani kwetu wamevitupa na watoto wao wanacheza mpira sasa hivi? Sijitetei, nasema tu ilivyokuwa.

Juzi kliniki nesi aliniuliza uzazi uliopita. Nilipomweleza, akaweka kalamu chini. Akaniambia mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa. Siku 28, Shangazi! Mimi mimba ile nilianza kliniki ikiwa na miezi mitano. Kwa hiyo hata ningemeza vyote nilivyopewa, mgongo ulikuwa umeshabaki wazi zamani. Nililia pale kwenye benchi mbele ya watu. Miaka mitatu nimebeba lile neno la matangani.

Ningeishia hapo ningekuwa nimelala. Lakini akaendelea kwamba mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto wa namna hiyo huanza foliki, ile vitamini inayosaidia mgongo wa mtoto ufunge, ya miligramu 5 kabla hajashika mimba, akaendelea nayo mpaka wiki ya 12. FEFO ina foliki mikrogramu 400 tu, haifiki hata nusu miligramu. Nani aliniambia? Siku ile tunatoka hospitali na mtoto amefunikwa kanga hakuna aliyeniambia. Na mimba hii hatukuipanga. Sasa nina wiki ya 10. Zile siku 28 zilipita mimi nakunywa chai na kula udongo wa Pemba, sijui kama nina mtu tumboni.

Foliki kubwa amenipa hata hivyo. Nikianza SP, vidonge vya kuzuia malaria kwa wajawazito, baada ya wiki ya 13 niwe nimeiacha, kwa sababu inaipunguza SP nguvu. Mafuta ya ini la samaki amesema nisiyaguse, na maini niyapunguze, yote yana vitamini A nyingi na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kopo la mume wangu alilisoma mgongoni akasema si baya, ila foliki yake ni ileile mikrogramu 400 na madini ya chuma ni pungufu kuliko ya FEFO, nisichanganye kwa kujiamulia. Hata chai ya rangi ninayoletewa na mama mkwe nimezee FEFO, kumbe chai inazuia chuma kuingia mwilini. Namwambiaje? Anasimama pale mpaka nimeze, halafu anahesabu vilivyobaki.

Mume wangu si mtu mbaya, tafadhali usimwandike vibaya. Zile 45,000 najua alizitoa kwenye hela ya matairi ya bodaboda. Labda ndiyo pole yake. Lakini mimi kopo sikuliomba. Nilitaka neno moja tu siku ile pale mlangoni, "Mama, usiseme hivyo," basi. Nikilitazama hili kopo naona mlango ule.

Kwa hiyo nauliza, nimeze kipi? Najua utasema nimfuate nesi, na nitamfuata. Ila FEFO nikiinusa tu, koo linajifunga. Nesi ananiambia nimeze usiku baada ya kula, na hiyo usiku wa jana nimeitapika. Kopo la mjini halinitapishi. Nifanyeje hapo?

Na lingine. Niwaambie habari ya siku 28? Natamani mama mkwe azisikie mbele ya wanawake walewale. Lakini nikiwaambia kwamba mara ya kwanza si vidonge nilivyofukia, watahesabu kwa vidole, watajua kuwa na safari hii siku hizo zimeshapita bila foliki. Ataanza kunitazama tumbo badala ya bahasha. Nikinyamaza naendelea kuwa yule aliyeshindwa kumeza.

Nesi anasema utrasaundi ya wiki ya 18 hadi 20 itauonyesha mgongo. Ni miezi miwili kufika huko. Usiniandikie chochote kuhusu mgongo, sitaki kujua. Au niandikie, kama unamfahamu mama aliyezaa wa pili akiwa mzima bila kuwahi hiyo foliki, niandikie huyo tu.

Mume wangu amegeuka sasa hivi, ananiuliza naandika nini. Nimemwambia ni hesabu za sokoni.

Ni mimi, mama kijacho,
Morogoro