Kiini cha dunia hakijasimama

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi usiku saa nne shangazi yangu alinipigia simu sauti inatetemeka, katumiwa kwenye grupu la WhatsApp la familia picha ya kichwa cha habari eti kiini cha dunia kimesimama na sasa kinazunguka kinyume, akaniuliza, mwanangu ndio kiyama hiki? Nilikaa naye kwenye simu karibu nusu saa. Habari yenyewe ni ya Januari 2023 ila kila baada ya muda inarushwa tena kama imetokea jana, na inaniuma kuona wazee wanakosa usingizi kwa sababu ya neno moja tu, "kimesimama".

Iko hivi. Ukishuka chini kama kilomita 2,900 unakuta chuma kilichoyeyuka, hicho ndicho kinachotengeneza sumaku ya dunia inayoongoza dira za manahodha, na ukifika kama kilomita 5,150 unakuta mpira wa chuma kigumu, hicho ndicho kiini kinachosemwa, kutoka katikati yake hadi ukingoni ni kilomita 1,220 hivi. Aliyeugundua ni mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, mwaka 1936, kwa kusoma mawimbi ya matetemeko tu! Sasa kwa vile mpira huo umezungukwa na chuma cha majimaji haujafungwa na miamba ya juu, unaweza kututangulia kidogo au kubaki nyuma kidogo.

Shangazi nilimpa mfano wa mabasi mawili barabara ya Segera, yote yanakwenda spidi 80 sambamba, ukichungulia dirishani lile la pili unaliona kama limesimama, likipunguza mwendo kidogo unaliona linarudi nyuma, lakini hakuna dereva aliyetia rivasi. Kiini nacho bado kinazunguka kuelekea mashariki pamoja na sisi, mzunguko mmoja kwa siku.

Mwaka 1996 wanasayansi wa matetemeko Xiaodong Song na Paul Richards walilinganisha matetemeko ya visiwa vya South Sandwich, kusini mwa bahari ya Atlantiki, yaliyopokelewa Alaska, wakaona kiini kinatutangulia kidogo. Mwaka 2023 Song huyo huyo na Yi Yang wakasema tangu kama 2009 kimelingana na sisi na kinaanza kubaki nyuma kidogo, na kwamba kiligeuka hivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yaani kinayumba, kinakwenda kinarudi, ingawa muda wa kuyumba huko wataalamu bado wanabishana sana. Miaka hiyo ya 1970 shangazi alikuwa msichana wa shule Korogwe na hakusikia chochote.

Athari yake kwetu ni kwenye urefu wa siku, tena kwa sehemu za elfu za sekunde. Hata ile sekunde moja nzima iliyoongezwa kwenye saa za dunia, kwetu iliingia tarehe 1 Januari 2017 saa tisa usiku, nani alistuka?

Mhariri, habari kama hizi zikija wapigieni kwanza watu wa jiolojia wa chuo kikuu chochote, halafu kichwa kiandikwe "kinakwenda taratibu kuliko sisi", maneno manne tu. Na hii barua mkiichapa nitampelekea shangazi gazeti lenyewe, maana kwenye simu alinikubalia kwa shingo upande, anasema mpaka aone imeandikwa.

Msomaji wenu,
Tanga